Laiki zinajirudia: je, kuna anayechakachua?

"Shikamoo mwalimu. Nipo Moshi. Nimetengeneza programu ya mtandaoni ambamo waongoza watalii na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanaweka picha na habari za safari zao. Kila Jumapili picha yenye laiki nyingi inapata zawadi ya vocha. Shida ni kwamba laiki zinajirudia. Kwenye jedwali nimekuta mtu mmoja ameilaiki posti moja mara mbili, wengine mara tatu, tena ndani ya sekunde ileile. Huwa naangalia kwanza: laiki ikiwepo naifuta, isipokuwepo naiweka. Kitufe nakizima mtu akishakibofya. Kwa kuwa mtandao wa mlimani ni mbovu, nimeweka ombi lijirudie hadi mara tatu likikaa sekunde tano bila majibu. Wapo pia wanaolalamika kwamba wamelaiki lakini moyo unajizima wenyewe, na idadi inayoonekana chini ya picha hailingani na mistari iliyo kwenye jedwali. Kwenye kompyuta yangu nimejaribu sana, halitokei. Picha za mpagazi mmoja ndizo zinaongoza kwa laiki za kujirudia, na wenzangu wanasema anachakachua, nimfungie akaunti. Wengine wanasema niruhusu laiki moja kwa kila anwani ya IP, au nihamie Redis, kanzidata nyingine inayotunza data kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Natumia Laravel, kiunzi cha lugha ya PHP, na kanzidata ya MySQL. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo mpagazi, maana msimbo unaweza kusubiri hadi jioni lakini jina la mtu likishachafuka ni kazi kubwa kulisafisha. Usimfungie akaunti. Katika yote uliyoeleza sioni dalili hata moja ya udanganyifu. Laiki zilizojirudia zipo kwenye akaunti za watu waliompenda, na aliyeziweka mara ya pili na ya tatu ni programu yako mwenyewe. Huenda mashabiki wake ni wapagazi wenzake walioko njiani, Machame au Rongai, pale ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Nitakueleza kwa nini hilo peke yake linatosha kumwongezea laiki asizoziomba. Kama mmeshamtupia neno, mtakeni radhi.

Umeleta malalamiko matatu: laiki kujirudia, moyo kujizima, idadi kutolingana. Mawili ya kwanza yana mzizi mmoja, na la tatu ni tawi la hayo mawili, kwa hiyo tulia tuufuate mzizi.

Msimbo wako unauliza kwanza, kisha unatenda. Unauliza kanzidata, "Laiki ya mtu huyu kwenye posti hii ipo?" Ikijibu haipo, unaiweka. Ukiusoma kwa macho unaonekana hauna kasoro, kwa sababu macho husoma mstari mmoja baada ya mwingine. Seva haifanyi kazi hivyo. Inapokea maombi mawili kwa pamoja na kuyapa wafanyakazi wawili tofauti, yaani michakato miwili ya programu inayokwenda sambamba. Wa kwanza anauliza, anaambiwa haipo. Wa pili naye anauliza kabla wa kwanza hajaandika, naye anaambiwa haipo. Wote wawili wamepewa jibu la kweli, na wote wawili wanaandika. Ni kama mawakala wawili wa tiketi stendi ya Moshi, kila mmoja na kitabu chake: kila mmoja anaona kiti namba saba kiko wazi, kila mmoja anakiuza, na ugomvi unakuja abiria wakishapanda basi. Wakala hata akiangalia kitabu chake mara kumi hakitamwonyesha alichoandika mwenzake. Kinachotakiwa ni karatasi moja ya viti ambayo lazima kila tiketi iandikwe humo.

Sasa jiulize, maombi mawili ya mtu mmoja yanawezaje kufika kwa pamoja wakati umezima kitufe? Jibu umeliandika mwenyewe kwenye swali lako: ni hiyo kanuni ya kujirudia kila baada ya sekunde tano. Mtu yuko juu ya kambi ya Mandara, anabofya moyo, mtandao unakatika. Ombi la kwanza linakaa kwenye simu likisubiri mawimbi. Sekunde tano zinapita, programu inatuma la pili. Mawimbi yanarudi, na maombi yaliyokuwa yakingoja yanatoka kwa pamoja. Maombi yaliyotengana sekunde kadhaa kwenye simu yanafika kwenye seva ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana muda kwenye jedwali lako unafanana. Na usidhani kwamba programu ya simu ikikata tamaa, ombi linarudi nyuma. Lililokwisha kutoka limetoka.

Moyo kujizima ni ugonjwa huohuo kwa sura nyingine. Safari hii ombi la kwanza limefika salama na laiki imeandikwa, ila jibu limepotea njiani likirudi. Simu haijui. Inatuma tena. Seva inaangalia, inakuta laiki ipo, na kwa kanuni yako ya "ikiwepo futa" inaifuta. Mwanachama amebofya mara moja tu, tena kwa moyo mweupe, na programu imemgeuzia nia yake. Maombi yakibanana unapata laiki mbili. Yakiachana unapata sifuri. Kinachoamua ni hali ya mtandao.

Kuhusu kompyuta yako kutokuonyesha tatizo, hilo lisikushangaze. Ukiendesha `php artisan serve`, ile seva ndogo ya PHP kwa kawaida hushughulikia ombi moja kwa wakati mmoja, usipoiagiza vinginevyo. Maombi yanapanga foleni, na penye foleni hapana mgongano. Ukitaka kuliona tatizo kwa macho yako, weka nakala ya programu kwenye seva ya majaribio yenye wafanyakazi kadhaa wa PHP-FPM (huduma inayoendesha michakato mingi ya PHP kwa pamoja), kisha ipelekee maombi ishirini kwa mpigo kwa tokeni (kitambulisho cha kuingilia) ya mtumiaji mmoja:

`seq 20 | xargs -P 20 -I{} curl -s -X POST -H "Authorization: Bearer TOKENI" https://majaribio.mfano/posti/7/laiki`

Hesabu mistari kabla na baada. Jaribio hili litunze, utalirudia baada ya marekebisho. Bila hilo hutajua kama umepona au umepata nafuu tu.

Kabla ya dawa, nikutoe wasiwasi juu ya zile ambazo si dawa. Kuzima kitufe ni adabu nzuri kwa mtumiaji, uendelee nako, lakini hakulindi chochote: mtu anaweza kufungua vichupo viwili, au akawa na simu na kompyuta, au akatuma ombi bila kugusa kitufe chako. Kuzungushia `DB::transaction` nako hakutoshi. Wengi wanaamini kwamba muamala, yaani amri kadhaa zinazokubaliwa au kughairiwa zote kwa pamoja, unawazuia wengine kuingia. Kwa kiwango cha kawaida cha kutenganisha miamala cha MySQL, na hata cha kanzidata ya PostgreSQL, miamala miwili inaweza kuuliza na kuambiwa "haipo" kwa pamoja, kisha yote miwili ikaandika na kukamilika bila kosa. Utaambiwa pia ufunge mstari kwa `FOR UPDATE`. Utafungaje mstari ambao bado haupo? MySQL itafunga nafasi ambayo mstari ungekaa, lakini kufuli za namna hiyo hazizuiani. Miamala miwili itaishika nafasi hiyohiyo, kila mmoja atamsubiri mwenzake aachie ili aandike, na mwisho MySQL itamuua mmoja kwa kosa namba 1213. Umebadilisha tatizo la laiki mbili kwa tatizo la kukwama.

Dawa yenyewe ni fupi. Kanuni kwamba mtu mmoja ana laiki moja kwa posti moja iwekwe kwenye jedwali lenyewe, kwa sharti la upekee:

`ALTER TABLE laiki ADD UNIQUE laiki_pekee (posti_id, mtumiaji_id);`

Kwenye faili la uhamisho (migration) la Laravel, lile la kubadilishia muundo wa majedwali, ni `$table->unique(['posti_id', 'mtumiaji_id']);`. Angalia kwamba safu mbili zimo ndani ya sharti moja. Nimeona watu wakiweka sharti kwenye kila safu peke yake, na matokeo yake kila mtu anaweza kulaiki posti moja tu maishani. Hakikisha pia safu zote mbili ni `NOT NULL`, yaani haziruhusiwi kuachwa tupu, kwa sababu MySQL huhesabu kila NULL kuwa tofauti na nyingine, na sharti lako litavuja hapo.

Kwa nini hili linafaulu pale ambapo kuangalia kwako kulishindwa? Sharti la upekee linasimama juu ya faharasa, ambayo ni orodha iliyopangwa kwa mfuatano, na kila jozi ya posti na mtumiaji ina mahali pake pamoja tu. Mwandishi wa kwanza akifika anakaa hapo. Wa pili akija na jozi ileile anakuta pamekaliwa. Kama wa kwanza bado hajakamilisha muamala, wa pili anasubiri. Wa kwanza akikamilisha, wa pili anarudishiwa kosa namba 1062. Wa kwanza akighairi, wa pili anapita. Kuuliza na kuandika vimekuwa tendo moja, mahali pamoja, na hakuna ombi linaloweza kupita pembeni, liwe limetoka kwenye simu, kivinjari, au msimbo utakaoandikwa mwakani na mtu mwingine asiyejua kanuni zako.

Ukishaweka sharti, acha kuuliza kwanza. Andika moja kwa moja, na umpe kanzidata kazi ya kuamua:

`$mpya = DB::table('laiki')->insertOrIgnore(['posti_id' => $posti->id, 'mtumiaji_id' => $mtu->id]);`

Unarudishiwa 1 kama laiki imeingia sasa hivi, au 0 kama ilikuwepo. Ninalo angalizo moja juu yake. Kwenye MySQL amri hii humeza na makosa mengine, kwa mfano posti ambayo imeshafutwa: hutapata kosa, laiki haitaingia, nawe utadhani ilikuwepo. Ukitaka usafi zaidi, tumia `insert` ya kawaida na udake `UniqueConstraintViolationException`, ambayo ipo kwenye matoleo ya karibuni ya Laravel. Makosa mengine yatapanda juu kama yanavyostahili. Mimi kwa mfumo unaotoa zawadi ningechagua hii ya pili. Wanaotumia PostgreSQL wana `ON CONFLICT DO NOTHING` tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, nayo haimezi makosa mengine.

Usidanganyike na `firstOrCreate`. Jina lake linatuliza roho, lakini nayo huuliza kwanza ndipo iweke. Matoleo mapya yanajua kulidaka kosa la kujirudia na kukurudishia mstari uliopo, ila kosa hilo haliwezi kutokea kama hakuna sharti kwenye jedwali. Kanuni ya `unique` kwenye uhakiki wa fomu ni vilevile.

Sasa, ukiliendesha sharti leo, MySQL italikataa, kwa sababu jedwali lako tayari lina mistari iliyojirudia. Lazima usafishe kwanza, na hapa ndipo nataka uende taratibu kuliko mahali pengine popote. Toa nakala rudufu kwa `mysqldump`, na uijaribu kuirejesha kwenye kompyuta yako. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu kuwa nakala. Simamisha programu kwa `php artisan down`, la sivyo laiki mpya zitajirudia wakati wewe unafagia. Kisha tazama ukubwa wa tatizo:

`SELECT posti_id, mtumiaji_id, COUNT(*) FROM laiki GROUP BY posti_id, mtumiaji_id HAVING COUNT(*) > 1;`

Matokeo hayo yahifadhi kwenye faili, ndiyo ushahidi wa kumsafisha yule mpagazi mbele ya wenzake. Halafu futa za baadaye, ubakize ya kwanza kwa kila jozi:

`DELETE b FROM laiki a JOIN laiki b ON a.posti_id = b.posti_id AND a.mtumiaji_id = b.mtumiaji_id AND a.id < b.id;`

Weka sharti, rudisha programu hewani.

Tuje kwenye namba chini ya picha. Nadhani una safu ya idadi kwenye jedwali la posti, na kila laiki unaiongeza moja. Hapo kuna mitego miwili. Kama unaisoma idadi, unaongeza moja ndani ya PHP, kisha unaihifadhi, maombi mawili yatasoma 40 na yote yataandika 41. Laiki moja imepotea kwenye hesabu ingawa mstari wake upo. Na pale laiki ilipojirudia, ufutaji mmoja huenda uliondoa mistari miwili huku idadi ikipungua moja. Ushauri wangu ni uifute safu hiyo kabisa. Faharasa uliyoweka inaanza na `posti_id`, kwa hiyo kuhesabu laiki za posti moja ni kazi nyepesi, na `withCount` ya Laravel itakufanyia. Kwa jumuiya ya waongoza watalii na wapagazi wa mlima mmoja hutahisi tofauti. Siku ukihitaji kuirudisha kwa ajili ya kasi, iongeze kwa `increment` tu, ndani ya muamala uleule ulioweka laiki, na pale tu `$mpya` inapokuwa 1. Taarifa anayopelekewa mwenye picha ifuate sharti hilohilo, asiambiwe mara tatu kwamba fulani amempenda.

Kuna jambo ambalo sharti la upekee peke yake halitalitibu, nalo ni moyo kujizima. Hapo lazima ubadilishe namna simu inavyoongea na seva. Leo simu inasema "geuza". Ombi la kugeuza likifika mara mbili ni sawa na kutokufika. Ifundishe kusema inachotaka: "nataka laiki iwepo" au "nataka laiki isiwepo". Njia ya kwanza iwe `PUT /posti/7/laiki`, ya pili `DELETE /posti/7/laiki`. Kiwango cha HTTP (kanuni za mawasiliano ya wavuti), RFC 9110 cha mwaka 2022, kinazitaja mbinu hizi mbili kuwa za aina ambayo kurudia ombi lilelile kuna athari iliyokusudiwa sawa na kulituma mara moja, na kwa sababu hiyo simu inaruhusiwa kurudia bila woga. POST haina ahadi hiyo. Ukifanya hivi, kanuni yako ya kurudia mara tatu, ambayo leo ndiyo inayokuumiza, inakuwa msaada kwa watu wa mlimani. Na ombi likikuta laiki tayari ipo, jibu kwa furaha kwamba yote ni sawa, pamoja na idadi ya sasa. Usimrudishie mtumiaji ujumbe wa kosa. Alitaka laiki iwepo, na ipo.

Bado kona moja inabaki, nami sitaki kukuficha. Mtu akilaiki, kisha akabadili mawazo na kuiondoa, ombi la kulaiki lililochelewa linaweza kufika mwisho na kuiwasha tena. Tiba ni kwenye simu: kwa kila posti kuwe na ombi moja tu linaloendelea, jipya lisitoke hadi la kwanza lijibiwe, na zamu ikifika ipelekwe nia ya mwisho ya mtumiaji.

Kuhusu IP, usithubutu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani, na wapagazi wanaotumia mtandao wa hosteli moja wote wanaonekana kama mtu mmoja. Utawanyima laiki halali watu wengi huku mtu mmoja akiweza kubadilishiwa anwani akiunganishwa upya na mtandao. Tena, kuhifadhi IP na namba za simu kunakuingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, usikusanye usichokihitaji. Redis nayo ni chombo kizuri, na amri yake ya `SADD` haiwezi kuweka mtu yuleyule mara mbili kwenye seti moja. Lakini itakuongezea mahali pa pili pa kutunza ukweli, nawe bado unahangaika na pa kwanza. Iache kwa sasa.

Kitu ambacho sharti haliwezi kabisa ni kumzuia mtu mwenye akaunti tatu. Kwake hizo ni jozi tatu tofauti, na kanzidata haina makosa. Hapo unahitaji kuthibitisha namba ya simu kwa ujumbe mfupi wakati wa kujisajili, na hata hivyo mtu anaweza kuwa na laini zaidi ya moja. Ikiwa zawadi itakua kutoka vocha hadi kitu kikubwa, ningeachana na laiki kama kura na kutafuta majaji watatu wanaoheshimika mlimani. Laiki inaonyesha watu wamefurahi. Kuibebesha fedha ni kuialika tamaa.

Mengi ya haya utayaweza peke yako kwa Jumamosi moja. Tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana ikiwa hujawahi kurejesha nakala rudufu na kanzidata hii ndiyo pekee uliyo nayo, au ikiwa baada ya kuweka sharti bado idadi zinatofautiana, au ukikuta kwenye logi (kumbukumbu za seva) akaunti mpya nyingi zinazolaiki picha zilezile kwa mpangilio uleule. Hiyo ya mwisho ndiyo dalili ya udanganyifu wa kweli, na haifanani kabisa na uliyoniletea. Hapo Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika kinafundisha TEHAMA. Ukipanda gari kuja Arusha kuna Chuo cha Uhasibu kule Njiro na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Nenda na faili la muundo wa majedwali, yale matokeo ya mistari iliyojirudia, na logi za siku mbili tatu, ukiwa umeondoa majina na namba za simu za wanachama. Na zawadi ya Jumapili hii iahirishe hadi uhesabu upya.